Waya, leza au almasi? Njia za kuchunguza magnoni na maikrowevu zilizofungamana, kwa anayefanyia kazi Mombasa

Swali linalowafika wengi wanaosoma fizikia au uhandisi wa mawasiliano hapa Mombasa ni hili: kifaa chotara, yaani kinachofungamanisha maikrowevu na mitetemo ya sumaku iitwayo magnoni, ninacho, au naweza kukitengeneza; sasa nikichunguze kwa njia gani? Wengi huanza na mashine kabla ya swali, wakaishia na vipimo visivyojibu chochote. Hapa nazilinganisha njia zinazotumika, nikisema wazi ipi ningeichukua na kwa kazi gani.

Kifaa chenyewe si kikubwa. Ni pete ya shaba yenye mwanya, imechongwa kwenye bodi ya saketi, upana wake milimita chache. Juu ya mkono wa pete ulio mkabala na mwanya, mahali ambapo mkondo ni mkali na uga wa sumaku nao ni mkali, umelazwa utando wa garneti ya itiriamu na chuma, ile iliyozoeleka kwa herufi tatu, YIG. Utando unaweza kuwa na unene wa mikromita moja tu, umekuzwa juu ya garneti nyingine isiyo na chuma, na ukiuinua mbele ya dirisha unaona kipande kinachopitisha mwanga chenye rangi ya manjano hafifu. Hakuna kinachokuonyesha kwamba ndani yake mna sumaku.

Pete ndiyo rezoneta. Ukiipelekea maikrowevu, huitika kwa nguvu kwenye masafa yake tu, tuseme gigahezi 5. Utando nao una mtetemo wake: spini za atomi za chuma, yaani usumaku mdogo ulio katika kila atomi, huyumba pamoja kuuzunguka mhimili wa uga, na mtetemo huo, ukihesabiwa kwa chembe chembe kama tunavyohesabu fotoni za mwanga, ndio magnoni. Masafa ya pete hayabadiliki, ila ya magnoni unayapandisha na kuyashusha kwa sumaku. Kwa YIG, uga wa tesla 0.1 uliolala sambamba na utando hutoa gigahezi 4.65 hivi, ukiusogeza hadi tesla 0.111 unafika gigahezi 5, pale pale ilipo pete.

Hapo ndipo kazi huanza. Aliyetazama pembea mbili zilizoning'inizwa kwenye boriti moja inayonesa, kama zile za Idi pale Makadara, ameona jambo hili kwa macho: unaisukuma moja, baada ya muda hiyo inatulia na ya pili ndiyo inayokwenda, kisha zinarudishiana. Maikrowevu na magnoni nazo hurudishiana nishati hivyo hivyo, mamilioni ya mara kwa sekunde. Kwenye skrini utaona mistari miwili. Wa pete umelala, wa magnoni unapanda kadiri uga unavyoongezeka. Inakaribiana kana kwamba itakatana, halafu kila mmoja unapinda na kumpisha mwenzake. Pengo linalobaki kati yao ni mara mbili ya nguvu ya ufungamano. Pengo hilo likiwa pana kuliko upana wa mistari yenyewe, ufungamano ni imara, na huwezi tena kusema huu ni mtetemo wa pete au huu ni wa spini. Ni chotara.

Nadharia yake iliandikwa na Soykal na Flatté mwaka 2010. Mwaka 2013 Hans Huebl na wenzake, Ujerumani, walichapisha jaribio lililotumia rezoneta ya niobiamu kwenye baridi kali inayokaribia sifuri halisi, wakapata ufungamano wa megahezi 450. Jambo la maana kwetu lilikuja mwaka uliofuata: kundi la Yale, Marekani, lilionyesha kwamba tufe la YIG lenye kipenyo cha chini ya nusu milimita, likiwekwa ndani ya kisanduku cha shaba, hufungamana na maikrowevu kwenye joto la kawaida la chumba. Kwa hiyo si lazima uwe na heliamu ya kimiminika ya kupozea. Kazi hii inawezekana Tudor, inawezekana Kongowea.

Waya husikia nusu moja

Njia ya kwanza ni ya waya: analaiza ya netiweki, VNA kwa kifupi. Unapeleka maikrowevu kupitia kebo, unapima kinachotoka upande wa pili, unabadilisha uga, unarudia. Mahali maikrowevu zinapomezwa panatokea shimo kwenye mchoro, na mashimo hayo yakipangwa kwa uga ndiyo yanayochora ile mistari miwili inayopishana.

Ubora wake ni mwingi. Hupima masafa kwa usahihi ambao leza haikaribii, huonyesha fezi (hatua ambayo wimbi limefikia katika mzunguko wake) pamoja na ukubwa, na kwa dakika chache una ramani nzima. Bei nayo imeshuka sana. Zipo analaiza ndogo za mkononi zinazofika gigahezi 6, na kwa pete ya gigahezi 3 hadi 5 zinatosha kuonyesha mpishano. Mwanafunzi asiye na fungu la fedha aanze hapa, na hata mwenye fedha aanze hapa.

Ila waya una mipaka ambayo wengi huigundua wakiwa wamekwisha andika nusu ya tasnifu. Mtetemo chotara una nusu mbili, ya maikrowevu na ya magnoni, na kebo imeunganishwa na ile ya maikrowevu peke yake. Ukisogeza uga mbali na mahali pa kukutana, mtetemo unazidi kuwa wa sumaku, na shimo kwenye mchoro linafifia hadi linapotea. Magnoni bado zipo. Kebo ndiyo isiyozifikia.

Pia waya hukupa wastani wa utando mzima. Haukwambii magnoni zimejaa katikati au zimejibana kando, wala kama kona moja ya utando ina kasoro. Na magnoni zenye urefu mfupi wa wimbi, ambapo spini za hapa zinaelekea juu huku za jirani zinaelekea chini, hufutana zenyewe mbele ya uga wa pete ulio sawa kila mahali. Kwa waya, hizo ni kama hazipo.

Mfano mmoja nauona mzito kuliko yote. Ukiongeza nguvu ya maikrowevu kupita kiwango fulani, magnoni moja hupasuka na kuwa mbili, kila moja ikiwa na nusu ya masafa. Harry Suhl alieleza misukosuko ya namna hii mwaka 1957. Ukisukuma kwa gigahezi 3, zinazaliwa magnoni za gigahezi 1.5. Analaiza inayosikiliza gigahezi 3 itakuonyesha tu kwamba shimo limeacha kukua na limebadilika umbo, na utabaki kukisia sababu. Nusu masafa yenyewe haitayaona. Tena zingatia: kwa utando wa YIG wenye uga uliolala, mpasuko huo kutoka kwenye mtetemo mkuu hauruhusiwi juu ya gigahezi 3.3 hivi, kwa sababu hakuna magnoni za chini kiasi hicho za kuupokea. Anayetaka kuuona achore pete ya gigahezi 3, asichore ya 5. Uamuzi huo hufanywa siku ya kuchora bodi.

Leza ya kijani na mtawanyiko wa Brillouin

Mwanga ndio unaoiona nusu ya pili. Léon Brillouin, Mfaransa, alitabiri mwaka 1922 kwamba mwanga ukipita kwenye mata inayotetemeka, sehemu ndogo yake hutawanyika ikiwa imepata au imepoteza nishati ya mtetemo. Yeye alizungumzia sauti; magnoni hufanya vivyo hivyo. Unapiga utando kwa leza ya kijani ya nanomita 532 kupitia hadubini, mwanga mwingi unarudi kama ulivyokwenda, na fotoni chache mno zinarudi zikiwa zimesogea kwa gigahezi zile zile za magnoni.

Ugumu wa kuzipata fotoni hizo unaonekana kwenye tarakimu. Gigahezi 5 ukizilinganisha na masafa ya mwanga wa kijani ni sehemu moja kati ya laki moja na kitu. Kwa urefu wa wimbi ni badiliko la nanomita 0.0047. Hakuna prizimu itakayotenganisha hayo. Kinachotumika ni interferomita mbili za Fabry na Perot, yaani jozi za vioo zinazopitisha masafa finyu tu ya mwanga, zilizofungwa sanjari, muundo alioubuni John Sandercock, ambapo mwanga hupita mara tatu katika kila moja. Vioo vyake hushikiliwa kwa umbali usiobadilika zaidi ya sehemu ndogo ya nanomita huku vikisogezwa taratibu, na mwishoni kitambuzi kinahesabu fotoni moja moja. Zawadi nyingine ni hii: mwanga uliotawanywa na magnoni hutoka na polaraizesheni (mwelekeo wa mtetemo wa mwanga) iliyogeuka nyuzi 90, kwa hiyo polaraiza moja iliyowekwa sawasawa huondoa sehemu kubwa ya mwanga usiotakiwa, pamoja na ule uliotawanywa na sauti ndani ya fuwele.

Idadi ya fotoni hizo huenda sambamba na idadi ya magnoni mahali leza ilipogusa, na leza inagusa duara la robo mikromita hivi. Kwa hiyo unachora ramani: hapa magnoni zimejaa, hapa hazipo. Ule mpasuko wa Suhl hujitokeza wazi, kilele kwenye gigahezi 3 na kilele kingine kwenye 1.5, bila kuhitaji kukisia. Magnoni za joto tu, zisizosukumwa na mtu, nazo zinaonekana.

Jaribio linaloonyesha vizuri jinsi waya na leza zinavyokamilishana lilichapishwa mwaka 2016 na kundi la Garching, Ujerumani. Walichukua pete yenye mwanya, wakaweka utando wa YIG wa mikromita moja, wakapima kwa waya na kwa leza kwa wakati mmoja, sampuli ile ile. Ufungamano ulikuwa megahezi 63, yaani pengo la megahezi 126. Kwa kuziweka data hizo mbili pamoja waliweza kufuata mtetemo ukihama hatua kwa hatua kutoka kuwa wa magnoni mtupu hadi kuwa wa maikrowevu mtupu. Kila mtu anayeniuliza kwa nini ahangaike na leza wakati VNA imekwisha mwonyesha mpishano, namwelekeza kwenye kazi hiyo.

Mapungufu yapo. Interferomita peke yake haitenganishi vilele vilivyo karibu zaidi ya megahezi mia moja hivi. Ukiwa unasukuma kwa jenereta unaikwepa shida hiyo, kwani jenereta ndiyo inayoamua masafa na leza inahesabu tu. Ila kwa magnoni za joto huna ujanja. Fezi haipatikani kwa mpangilio wa kawaida. Mwanga wa kijani humezwa kwa kiasi na YIG, hivyo ukiongeza nguvu ya leza unapasha joto mahali pale pale unapopima. Na mashine yenyewe ni ghali, inataka meza isiyotikisika na chumba chenye joto tulivu. Karibu na barabara za malori yanayoingia na kutoka bandarini, hilo la kutotikisika litakugharimu kabla hujawasha leza. Kwa maoni yangu, hii ndiyo njia yenye majibu mengi kuliko zote, na ndiyo ya mwisho kujaribu kuijenga mwenyewe hapa.

Mwanga wa faiba, nanomita 1550

Sasa nafika kwenye njia ninayoipenda zaidi kwa mji huu. Kebo za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Mwanga unaosafiri ndani ya kebo kama hizo una urefu wa wimbi wa karibu nanomita 1550, kwa sababu hapo ndipo kioo cha faiba kinapomeza mwanga kidogo kabisa. Na YIG, ambayo humeza kijani, kwenye 1550 inapitisha mwanga vizuri. Mambo haya mawili yamekutana kwa heri: leza, modyuleta (kifaa cha kuubadilisha mwanga kwa kasi), fotodayodi (kitambuzi cha mwanga) na viungio vilivyotengenezwa kwa ajili ya mawasiliano vinafaa moja kwa moja kwa kazi ya magnoni. Hata ndani ya vifaa vya mawasiliano, kile kizuizi kinachouzuia mwanga usirudi kwenye leza hutengenezwa kwa garneti ya jamii hiyo hiyo.

Msingi wake ni ugunduzi wa Michael Faraday wa mwaka 1845: mata yenye sumaku huzungusha polaraizesheni ya mwanga unaopita ndani yake. Spini zinapoyumba kwa gigahezi 5, mzunguko huo nao unayumba kwa gigahezi 5. Fotodayodi ya kawaida haiwezi kufuata kasi hiyo, kwa hiyo unatumia hila: unapitisha mwanga kwenye modyuleta inayoupiga kwa masafa yale yale ya maikrowevu, kabla haujafika kwenye utando. Vipigo viwili vya masafa mamoja vikizidishana, hubaki ishara ya polepole, inayosomeka kwa amplifaya ya lokini, ile inayoichomoa ishara dhaifu ndani ya kelele. Na kwa sababu maikrowevu na mwanga vimetoka kwenye jenereta moja, fezi unaipata. Ni kitu ambacho leza ya kijani haikupi kirahisi.

Huko Marekani njia hii imetumiwa kuchunguza tabaka mbili, YIG na permaloi (aloi ya nikeli na chuma), ambazo magnoni zake zimefungamana zenyewe kwa zenyewe. Hakuna kinachoizuia kwa pete na YIG.

Kinachonivutia zaidi ni mikono iliyopo. Mafundi wa faiba wapo tele mjini, wanaounganisha nyuzi nyembamba kuliko nywele kandokando ya barabara, chini ya mwavuli, wakizisafisha kwa spiriti na kuzikata kwa kisu maalumu hadi ncha inakuwa bapa kabisa. Ustadi huo ndio maabara inauhitaji. Mwanafunzi wa fizikia akikaa na fundi wa namna hiyo kwa siku chache atajifunza zaidi kuhusu upotevu wa mwanga kwenye viungio kuliko atakavyopata kwenye kitabu. Na sehemu kubwa ya njia ya mwanga ikiwa ndani ya faiba, vumbi na unyevu havina pa kuingilia, na malori yakitikisa meza haidhuru sana.

Udhaifu: kwenye 1550 mzunguko wa Faraday ni mdogo kuliko kwenye mwanga unaoonekana, kwa hiyo utando wa mikromita moja hutoa ishara dhaifu mno. Tumia wa mikromita kadhaa. Doa la mwanga ni pana, mikromita kadhaa, hivyo magnoni fupi kuliko doa hufutana kama zinavyofutana mbele ya pete. Na mwanga huu hauonekani kwa jicho. Usichungulie ncha ya faiba hata kama unaamini leza imezimwa.

Jambo moja kwa wanaoota kubadilisha maikrowevu kuwa mwanga kwa ajili ya kompyuta za kwanta. Kundi la Tokyo lilijaribu hilo kwa YIG na kuchapisha mwaka 2016; ufanisi ulikuwa karibu sehemu moja ya bilioni kumi. Kama njia ya kupima, mwanga unatosha, kwa sababu unaweza kurudia na kukusanya. Kama daraja la kupitisha fotoni moja bila kuipoteza, safari bado ni ndefu, na usiandike ombi la fedha linaloahidi vinginevyo.

Mipigo mifupi ya Kerr, na almasi

Njia ya Kerr, iliyotokana na ugunduzi wa John Kerr wa miaka ya 1870, hutumia mwanga ulioakisiwa badala ya uliopita, na mipigo ya leza iliyo mifupi sana kuona spini zikiyumba hatua kwa hatua. Inafaa kwa metali kama permaloi, isiyopitisha mwanga. Sharti lake ni kwamba masafa ya maikrowevu lazima yawe kizidisho cha mapigo ya leza, ambayo mara nyingi ni megahezi 80, kwa hiyo unaruka kutoka gigahezi 4.96 hadi 5.04 bila kuweza kusimama katikati kwa mpangilio wa kawaida. Pete yenye mstari mwembamba inaweza kuangukia kwenye mwanya huo. Leza yake ni ghali. Kwa kifaa cha YIG, iache.

Almasi ni habari nyingine. Ndani ya almasi iliyotengenezwa kiwandani hupatikana kasoro ambapo atomi ya nitrojeni imekaa jirani na nafasi tupu. Ukiimulika kwa kijani huwaka nyekundu, na wekundu huo hupungua pale maikrowevu zinapogonga gigahezi 2.87, au masafa ya jirani uga unapoyatenganisha kwa gigahezi 28 kwa kila tesla. Unaweka almasi juu ya utando, na wekundu unakwambia uga wa magnoni ulivyo. Vifaa ni rahisi: leza ya kijani ya kawaida, kichujio chekundu, fotodayodi. Hakuna interferomita, hakuna kioo cha kushikilia. Kwa kufundishia hakuna kinachoifikia, maana mwanafunzi anaona fotodayodi ikionyesha wekundu ukififia papo hapo.

Tatizo ni masafa. Almasi husikia vizuri pale tu mstari wake unapokutana na mstari wa magnoni. Nimefanya hesabu kwa YIG yenye uga uliolala, nikichukulia uga umeelekezwa sambamba na mhimili wa kasoro: mstari wa chini wa almasi na magnoni kuu hukutana kwenye militesla 28 hivi, masafa yakiwa gigahezi 2.1. Zipo njia za kusikia nje ya hapo, kwa kuwa magnoni nyingi zikisukumwa huongeza kelele inayoufikia mstari wa almasi, ila hapo unapima athari ya athari. Kwa hiyo ukitaka almasi, jenga kifaa kizima kuizunguka gigahezi 2.1. Usichukue pete ya gigahezi 5 halafu ukaitafutia almasi.

Joto la hapa

Miongozo mingi imeandikwa na watu wa nchi za baridi, na jambo hili hawaligusi. Sumaku ya YIG hupungua kwa karibu asilimia 0.2 kwa kila digrii ya joto inayoongezeka. Kwenye gigahezi 5 hiyo inasogeza magnoni kwa megahezi 3 hivi. Kama uga wako unatoka kwenye sumaku za neodimiamu, ambazo ni rahisi na hazitaki umeme, nazo hupungua kwa asilimia 0.1 hivi kwa digrii, na hiyo inasogeza megahezi nyingine 3 au 4, upande ule ule. Jumla ni karibu megahezi 7 kwa digrii moja. Kiyoyozi cha kawaida kinachowaka na kuzima huruhusu joto lipande na kushuka kwa digrii moja au mbili. Mstari wa YIG nzuri una upana wa megahezi chache tu. Maana yake mstari unatembea zaidi ya upana wake huku wewe ukidhani unapima.

Kwa waya, unaopima ramani kwa dakika chache, hilo linavumilika. Kwa leza ya kijani, ambayo huenda ikakusanya fotoni kwa saa nzima, data inaharibika bila kukuonyesha dalili. Dawa ni kufunga sampuli na sumaku ndani ya kisanduku chenye kipimajoto na hita ndogo, ukakishikilia kwenye digrii 35, juu ya joto la chumba hata wakati wa kaskazi. Kupasha ni rahisi kuliko kupoza. Kisanduku hicho ni cha bei ndogo kuliko kebo nzuri ya maikrowevu, na ningekijenga kabla ya kitu kingine chochote.

Unyevu nao. Kioo kilichokaa kwenye chumba cha kiyoyozi kikitolewa kwenye veranda hufunikwa na ukungu mara moja, na ukungu uliobeba chumvi ya bahari huacha doa kwenye mipako. Shaba ya pete isiyopakwa kinga huwa nyeusi, na mstari wa rezoneta hupanuka. Pakiti za silika, na bodi iliyopakwa dhahabu au angalau bati, si anasa hapa.

Basi uchague nini

Kama swali lako ni je, vimefungamana, na kwa nguvu kiasi gani, waya unatosha na mwanga utakupotezea muda. Tasnifu nyingi za uzamili zinaishia hapa, na ni kazi halali.

Kama swali ni jinsi mtetemo unavyohama kutoka maikrowevu kwenda magnoni, au fezi kati yao ikoje, unganisha waya na faiba ya 1550. Hii ndiyo maabara ambayo ningeijenga Mombasa, na naamini inaweza kujengwa na watu waliopo.

Kama swali ni wapi, au ni magnoni zipi, au nini hutokea nguvu ikizidi, hakuna mbadala wa leza ya kijani na interferomita. Usikae ukisubiri fungu la kuinunua. Tengeneza sampuli hapa, ipime kwa waya hapa, kisha omba wiki chache kwenye maabara iliyo nayo; maabara za namna hiyo hupokea wageni wenye sampuli nzuri na swali lililonyooka.

Almasi ichukue kama unataka kufundisha, au kama kifaa chako umekichora tangu mwanzo kwa gigahezi 2.1.

Kwa atakayesafirisha sampuli: hakikisha leza ina njia ya kufika kwenye utando, maana wengi huubandika uso wa YIG chini juu ya shaba ili ufungamano uwe mkubwa, na leza ikalazimika kupitia kipande cha garneti chenye unene wa nusu milimita, unene ambao lenzi nyingi za hadubini haziuvumilii. Ama kipunguze kwa kukisugua, ama omba lenzi yenye kola ya kurekebisha unene, na uulize hilo kabla ya kufunga mzigo. Peleka ramani ya waya ya sampuli hiyo hiyo, na joto ulilopimia limeandikwa pembeni. Andika pia nguvu ya maikrowevu inayofika kwenye pete, si ile inayoonyeshwa na jenereta, kwa sababu kebo na viungio humeza sehemu yake, na kiwango cha mpasuko wa magnoni kitategemea ile iliyofika.